Mlinzi Aliyeambiwa Atazame Tu

Simu ya chumba cha seva ilianza kulia kabla Mama Sweta hajashusha mkoba begani. Wodi ya wazazi ndio waliotangulia: majibu ya maabara hayaonekani. Hajaiweka simu chini vizuri, chumba cha upasuaji nao wakapiga, kisha dharura, kisha daktari wa watoto, ambaye kwa kawaida alikuwa mtu wa salamu ndefu na leo hakusalimu kabisa. Wote walikuwa na habari moja. Ukibonyeza jina la mgonjwa, skrini inabaki nyeupe kama shuka.

Jina la Mama Sweta alipewa na wauguzi. Chumba chake kilikuwa chini kabisa ya hospitali, kimejaa mitambo inayovuma na kupozwa mchana kutwa, naye alikistahimili kwa sweta moja la kijani alilofumiwa na marehemu mama yake. Alilivaa hata nje jua likiwaka. Watu walimcheka, naye akacheka nao. Kazi yake ilikuwa kuitunza seva, ile kompyuta kubwa iliyobeba mafaili yote ya wagonjwa: nani anaumwa nini, nani amejifungua, nani anakaa wapi.

Hilo la mwisho, la nani anakaa wapi, ndilo lililokuwa limemwondolea raha siku zile.

Dada yake mkubwa alikuwa na binti. Binti huyo aliolewa na mwanamume mwenye maneno laini na tabasamu lisilokauka, fundi wa printa, ambaye nje alipendwa na kila mtu na ndani alikuwa mtu mwingine kabisa. Siku mkono wa binti ulipovunjika aliletwa hospitalini hapo, akafungwa plasta, na kutoka hapo hakurudi tena kwa mumewe. Alitafutiwa chumba mahali. Mahali gani, Mama Sweta hakuambiwa, wala hakutaka kuambiwa. Alimweleza dada yake kwamba asipojua, hakuna atakayembana akaropoka. Aliyejua ni sista wa kliniki ya mifupa, kwa sababu anwani mpya ilibidi iandikwe kwenye faili ili mgonjwa afuatiliwe mpaka mkono upone.

Binti alisita kuitaja. Macho yalikuwa mlangoni tu. Mama Sweta akamshika ule mkono mzima.

"Mwambie sista, mwanangu. Faili lako linakaa kwangu. Mimi ndiye ninayelilinda."

Kisha akatoka nje, akausukuma mlango nyuma yake asiisikie hiyo anwani. Alipogeuka aliona kwamba sista, bila kuombwa, alikuwa ameinuka akafunga na dirisha.

Halafu, kama vile balaa lilikuwa na orodha yake, kampuni inayotengeneza printa za hospitali ikamleta yule yule mume kuja kuzihudumia. Mama Sweta alikwenda kulalamika kwa wakubwa. Wakamuuliza kama kuna kesi polisi. Kesi haikuwepo, binti aliogopa kuifungua. Basi mume akawa anapita kwenye korido na sanduku lake la vifaa, anawagawia wauguzi pipi, nao wanamwita shemeji.

Ndiyo maana Mama Sweta alimpenda sana Mnoko.

Mnoko hakuwa mtu. Seva ile ilikuwa na ulinzi wa tabaka juu ya tabaka. Nje kulikuwa na ukuta unaochagua nani aingie kutoka kwenye mtandao. Ukishaingia, kila mtu ana nywila yake. Ukishapita nywila, kila faili lina ruhusa zake: huyu asome, yule aandike, mwingine asiguse. Lakini kuna watu na programu zinazopewa funguo kubwa kwa sababu ya kazi, na mwenye funguo kubwa hufungua kila mlango. Programu ya kuchapa ilikuwa na funguo kubwa, na fundi wa printa ndiye aliyekuwa akiiendesha. Hapo ndipo Mnoko alipokuwa na maana. Alikuwa mlinzi aliyejengwa ndani ya mfumo endeshi wenyewe, na hakujali funguo, alitazama lebo. Kila faili lilibandikwa lebo, kila programu lebo yake, na kanuni zimeandikwa: lebo ya printa inaenda kwenye mambo ya printa, basi. Ukija na funguo za dunia nzima lakini lebo yako si ya hapo, unarudishwa. Mama Sweta mwenyewe, aliyemweka, hakuweza kufungua faili la mgonjwa hata mmoja. Mafundi walimbandika jina la Mnoko kwa vile hakuwa na undugu na mtu. Ungemlilia kwamba mama yako anakata roho, yeye angetaka kuona lebo.

Sasa asubuhi ile Mama Sweta alikagua kila kitu kwa haraka, simu imebanwa begani. Seva ilikuwa hai. Diski ilikuwa na nafasi. Maabara walikuwa wanatuma majibu kama kawaida. Jana yake jioni alikuwa ameingiza fomu mpya za majibu, zenye herufi kubwa, kwa sababu wauguzi wenye macho ya umri walikuwa wamemlalamikia kwamba wanasoma kwa kubahatisha. Fomu hizo alizitengeneza na kuzijaribu kwenye folda yake mwenyewe wiki nzima, zikaenda vizuri, ndipo akazihamishia mahali pake. Alizitazama ruhusa zake. Zilikuwa sawa. Akazitazama tena. Zilikuwa sawa vile vile.

Mkuu wa idara akaingia bila kubisha. Huyu watu walimwita Bwana Chapchap, kwa kuwa neno hilo lilimtoka hata alipokuwa anaagiza chai.

"Ni huyo Mnoko wako," alisema. "Mlaze."

Mama Sweta akamwomba dakika chache. Alijua kuna kitu kidogo tu, kiko karibu, hakijajitokeza.

"Juu kuna mama anasubiri damu," Bwana Chapchap akamwambia, na safari hii hakuwa na ukali. "Hawajui kundi lake. Mlaze, tafadhali."

Mama Sweta akavuta kibodi. Mnoko hulazwa kwa namna mbili. Unaweza kumfukuza kabisa, au unaweza kumwambia atazame tu: aone kila anayepita, amwandike, lakini asimzuie. Mama Sweta alichagua hiyo ya pili. Aliandika amri fupi, akabonyeza, na kabla hajaondoa kidole simu ya wodi ya wazazi ililia. Majibu yameonekana. Kundi la damu limepatikana. Kule upande wa pili mtu alikuwa anapiga makofi.

Bwana Chapchap alijifuta uso kwa leso. Akasema sasa hapo asiguse mtu. Hospitali ipite mwisho wa wiki salama, Jumatatu watakaa waangalie. Mama Sweta akamuuliza kama hata kutazama haruhusiwi. Akajibiwa kutazama atazame, lakini kugusa hapana, na Bwana Chapchap akapanda ngazi mbili mbili kama kawaida yake.

Watu walipiga simu kushukuru. Yule daktari wa watoto alipiga kuomba radhi kwa kutosalimu. Mama Sweta aliwajibu wote vizuri, na kila alipoweka simu chini alijikuta amesimama. Alikaa, akasimama. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa chumba, akaushika kitasa, umefungwa, akarudi. Baada ya muda mfupi akaenda kuushika tena.

Fundi wa nyaya akaingia na vikombe viwili vya chai. Huyo aliitwa Kimya, maana hakunyamaza hata akiwa ameuma misumari kwa meno. Alianza na habari za ngazi yake iliyovunjika, akaenda kwenye mpira wa jana, akapita kwa shemeji yake aliyenunua pikipiki isiyo na breki. Mama Sweta alikuwa anaitikia tu. Chai ilipoa mkononi.

"Hunisikilizi," Kimya akamwambia.

"Nakusikiliza."

"Nimesema nini?"

"Pikipiki."

"Pikipiki ilipita zamani. Nimesema leo nimekula pipi mpaka ulimi umechanika. Yule fundi wa printa yupo tangu asubuhi, kaweka mfuko mzima pale stoo."

Mama Sweta aliiweka chai juu ya meza. Kimya, kwa maneno yake yote, hakuwa mtu wa kutoona. Aliutazama ule uso, akachukua kikombe kilichopoa, akasema anakwenda kuleta chai nyingine ya moto, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatoka bila kuongeza neno.

Mama Sweta aliambiwa asiguse, lakini hakuambiwa asitembee. Akapanda juu. Alipita maabara, akapita dawa, akajifanya anachungulia kama skrini zinawaka. Kwenye korido ya stoo ndipo alipomwona yule mume. Alikuwa anafunga sanduku lake la vifaa, shati limenyooshwa vizuri. Akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba."

"Nimesikia asubuhi mitambo iliwasumbua huko chini."

"Imetulia sasa."

"Tushukuru Mungu. Nyumbani wote wazima?"

"Wazima."

"Nisalimie mama mkwe, basi. Ngoja nikafuate wino mjini, umeisha."

Alimshikia mlango apite. Mama Sweta alipita, na nyuma yake akasikia viatu vikienda upande wa lango, si haraka, si polepole. Wino. Lakini pale stoo, kwenye rafu, kupitia mlango uliobaki wazi, aliona maboksi ya wino yamepangwa mpaka juu.

Alishuka ngazi kwa mwendo ambao hakuwa nao tangu ujana.

Mnoko alikuwa ameandika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi aliyoachiwa. Mama Sweta alivuta kiti, akaanza kusoma kuanzia asubuhi, na mistari ya kwanza tu ikamfanya ajishike kichwa. Fomu zake. Zile fomu za herufi kubwa zilikuwa bado na lebo ya folda yake binafsi. Alizihamisha, hakuzinakili. Kitu ukikinakili kwenda mahali papya kinabandikwa lebo ya hapo. Ukikihamisha kinakuja na lebo yake ya kule kilikozaliwa, kama mtu aliyehama nyumba lakini bado barua zake zinaandikwa kwa anwani ya zamani. Mnoko aliona kitu cha nyumbani kwa Mama Sweta kimeingia kwenye majibu ya wagonjwa, akakataa kisionyeshwe. Ruhusa zilikuwa sawa, kweli. Lebo ndiyo haikuwa sawa. Kosa hilo kila mwanafunzi hufundishwa siku ya kwanza. Kulitengeneza ni amri moja tu ya kurudisha lebo mahali pake.

Karibu acheke. Kisha akaona mistari iliyofuata.

Programu ya printa imefungua folda ya wagonjwa. Mnoko ameona. Mnoko hakuzuia. Programu ya printa imesoma faili moja. Imelipeleka kwenye printa ya stoo.

Namba ya faili hilo Mama Sweta aliijua. Aliiandika mwenyewe kwenye kadi ya binti, ule mwandiko wake wa kulala upande.

Akarudi nyuma kwenye siku zilizopita. Mistari ile ile ilikuwepo, mingi. Programu ya printa imejaribu kufungua folda ya wagonjwa: imezuiwa. Imejaribu: imezuiwa. Alikuwa anaiona mistari hiyo kila siku na kuipita. Printa zina makelele, alikuwa akijiambia, printa hulalamika hata kwa kukosa karatasi. Mnoko alikuwa amesimama mlangoni peke yake majuma yote yale, anamrudisha mtu yule yule, na leo asubuhi yeye ndiye aliyemshika bega akamwambia kaa chini.

Alimpigia binti. Simu haikupatikana. Akakumbuka kwamba karakana ya ushonaji anakofanya kazi hawaruhusu simu mpaka jioni. Karakana yenyewe iko wapi hakujua. Nyumba iko wapi hakujua. Akampigia dada yake, na dada naye hakujua, maana walikubaliana wote wasijue.

Faili lilikuwa hapo. Mnoko anatazama tu. Kwa funguo zake angelifungua mara moja, asome anwani, akimbie. Mkono ulishafika kwenye kibodi. Mwanangu, alikuwa amesema, mimi ndiye ninayelilinda. Na je, akilifungua kisha akapotea njia, akafika amechelewa, akiwa peke yake na sweta lake? Mtu mwenye haki ya kulifungua alikuwepo, ghorofa moja juu, amevaa viatu vyeupe.

Akarudisha lebo za fomu. Kisha akamwamsha Mnoko, kinyume na amri ya mkuu wake. Alipobonyeza, alijifungia nje na yeye mwenyewe pamoja na wengine wote wasio na lebo ya hapo, akajua hivyo, akasimama. Alisubiri tu kuona kwamba simu hailii, kwamba juu skrini hazijawa nyeupe tena. Hazikuwa. Akapanda.

Sista wa kliniki ya mifupa alikuwa anamfunga mzee mmoja bandeji. Alimtazama Mama Sweta usoni, akamkabidhi mzee kwa mwenzake, akamwambia mzee asikasirike, anarudi. Wakaingia ofisini. Mama Sweta alieleza kwa sentensi fupi. Hakuficha kwamba mlinzi alilazwa na kwamba aliyemlaza ni yeye. Sista hakuuliza kwa nini. Alikaa kwenye kompyuta yake, akaandika nywila yake, na Mnoko, aliyejua kwamba hapa ni mahali pake, akamfungulia.

Mama Sweta akageuka akatazama ukuta.

Kwenye faili kulikuwa na namba ya mwenye nyumba pia. Sista akapiga.

"Mama, mimi ni muuguzi wa hospitali. Mpangaji wako, yule wa mkono, yupo?"

Akasikiliza. Mama Sweta alisikia kiti chake kikisogea.

"Amefika sasa hivi?" sista akauliza taratibu. "Amesema katumwa na sisi? Hatujamtuma, mama. Usimwambie karakana iko wapi. Unaweza kumweka hapo bila kujitia hatarini? Mpo wangapi nyumbani?"

Sauti ya kule ilisikika mpaka kwa Mama Sweta, sauti ya mwanamke mtu mzima, imetulia kabisa, inazungumza kama anayeongea na binti yake. Haya mwanangu, ilisema, mimi na kaka zako tupo tu hapa uani, nitakuwekea chakula. Simu ikakatwa.

Bwana Chapchap alikutwa ofisini kwake na rundo la barua. Mama Sweta alisimama mlangoni, sista nyuma yake, akamwambia: mlinzi nimemwamsha, kosa nimeliona, fomu nilizihamisha mimi vibaya. Wakati amelala mtu ameingia kwenye faili la mtoto wa dada yangu, na sasa yuko mlangoni kwake. Alikuwa tayari kwa kelele.

Mkuu wa idara alivua miwani. "Wewe uliomba dakika chache," alisema. "Mimi ndiye niliyekunyima."

Akachukua simu akapiga polisi, akaongea nao pole pole, akirudia jina la mtaa ambalo sista alimwandikia kwenye kiganja ili Mama Sweta asilisikie. Alilisoma kimya kisha akaingia chumba cha ndani kulitamka. Aliporudi alitoa funguo za gari lake mwenyewe, akampa dereva wa hospitali, akamwambia ampeleke sista karakana, ambayo binti alishamtajia kliniki, amchukue binti.

Sista alikuwa katika sare nyeupe, na sare nyeupe huonekana kutoka mbali. Mama Sweta alivua sweta lake la kijani akamvalisha juu. Mikono ilimzidi sista, ikabidi aikunje.

"Nalitaka lirudi," Mama Sweta alisema, kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

Saa zilizofuata alizipitisha kwa miguu. Alikwenda chini, akapanda, akashuka. Aliwauliza walinzi wa langoni kama gari limerudi, akawauliza tena mpaka mmoja wao akamletea kiti cha plastiki akakiweka kivulini. Hakukikalia. Kimya alikuja akasimama kando yake na chai ya moto. Alisimama pale muda mrefu na, kama walivyosimulia wenzake baadaye kwa mshangao, hakuongea.

Gari liliingia jua likiwa limeshaelekea chini. Sista alishuka peke yake, sare yake nyeupe ikionekana peupe, bila sweta.

Binti alikuwa salama. Alimkuta karakana, kichwa ameinamia cherehani, akamwambia funga kazi yako uje nayo. Amepelekwa mahali pengine, na sista akaishia hapo kwa makusudi.

Ya nyumbani aliyasikia kwa mwenye nyumba, naye sista aliyaeleza akicheka. Mwenye nyumba alimkaribisha yule mume ndani kwa heshima zote. Karibu, fundi, mwenyewe anarudi sasa hivi, keti. Halafu, kwa kuwa ni fundi, akamtolea redio yake iliyokufa zamani, akamwomba amtazamie tu wakati anasubiri. Mume hakutaka kuonekana mtu mbaya. Maisha yake yote hakutaka kuonekana mtu mbaya. Akafungua sanduku, akaifungua redio, na watoto wa mwenye nyumba, wanaume watu wazima, wakakaa kumzunguka wakiulizana hiki ni nini na kile ni nini. Alikuwa ameshikilia bisibisi mkononi polisi walipoingia, na karatasi ya printa ya stoo imekunjwa mfukoni.

"Na redio?" Kimya akashindwa kujizuia.

"Imepona," sista akasema. "Lakini mwenye nyumba anasema hataifungulia."

Maandishi ya Mnoko, ya siku zote zile za kurudishwa na ya asubuhi moja ya kupitishwa, Bwana Chapchap aliyapeleka polisi mwenyewe. Binti alikubali kufungua kesi. Alisema safari hii kuna shahidi asiyeweza kuletewa pipi.

Kabla Mama Sweta hajatoka kazini, simu yake ililia kwa namba ngeni.

"Mama mdogo. Usiniulize niko wapi."

"Siulizi."

Kule nyuma palisikika sufuria, na mwanamke akimwita mtu aje kula.

"Uliniambia unalilinda," binti akasema.

"Nilikuambia. Leo nililiacha wazi, mwanangu. Nisamehe."

"Sista kasema wewe ndiye uliyegundua."

"Ndiyo. Na mimi ndiye niliyefungua. Yote mawili."

Binti alivuta pumzi ndefu. Mama Sweta alisubiri jibu kama mtu anayesubiri skrini ifunguke.

"Sweta lako linanuka waya," binti alisema mwisho. "Nimelivaa. Huku kuna baridi kidogo. Nilirudishe lini?"

"Kaa nalo."

"Wewe je? Kwenye friji lako hilo?"

"Kaa nalo, nimekwambia."

Wakaagana. Mama Sweta alikaa mbele ya seva, mikono ameikumbatia kifuani, maana baridi ilikuwa imeanza kumwingia. Aliandika lile swali dogo la kumuuliza Mnoko hali yake. Mnoko hujibu kwa neno moja tu. Akajibu kwamba analinda.

Alichukua mkoba, akazima taa, akafunga mlango. Alifika kwenye ngazi ya kwanza, akasimama. Akarudi, akafungua mlango, na akiwa amesimama gizani bila sweta akamuuliza tena.